Gari la wazi la kale: Mnunuzi wa kwanza London ajihadhari na nini?

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi Novemba, mamia ya magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1905 huondoka alfajiri katikati ya London na kuelekea Brighton, mji wa pwani ulio umbali wa kilomita zipatazo 96. Mengine hukokota kwa mwendo wa baiskeli, mengine huharibikia njiani, na wenyewe huyasukuma mlimani bila kuona haya.

Msafara huo ulianza Novemba 14, 1896, kusherehekea sheria mpya iliyopandisha kasi ya juu ya magari kutoka maili 4 hadi maili 14 kwa saa. Ni ushahidi kwamba nchini Uingereza mapenzi ya magari ya zamani si jambo la jana wala la juzi.

Hata hivyo, wengi hawaanzi na gari la mwaka 1904. Huanza na gari dogo la viti viwili, lenye boneti ndefu na paa la turubai linalokunjwa nyuma ya viti. Waingereza huliita rodsta. Kwa Kiswahili chepesi ni gari la wazi.

Miongoni mwa wanaolitamani wamo watu wa Afrika Mashariki wanaoishi London, hasa wale ambao watoto wao wamekua na ambao, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kazi, wamebakiwa na akiba kidogo.

Kwao uamuzi huu si wa mchezo. Pauni zinazotajwa ni zile zile zinazoweza kumalizia nyumba Kibaha, kulipa karo Eldoret au kumtibu mzazi Bukoba. Gari lililonunuliwa vibaya haliharibu mapumziko ya mwisho wa wiki tu. Huharibu mipango ya jamaa wengi ambao hata hawajapata kuliona gari lenyewe.

Je, mtu anayenunua gari la aina hii kwa mara ya kwanza azingatie mambo gani?

Kale ipi?

Wapenzi wa magari nchini Uingereza hawayaweki magari yote ya zamani katika kapu moja. Magari ya kabla ya mwaka 1905, yanayoruhusiwa katika msafara wa Brighton, huhesabiwa kuwa wazee wa wazee. Yaliyotengenezwa kati ya mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza na mwaka 1930 yana daraja lake, na chama cha wamiliki wake, Vintage Sports-Car Club, kiliundwa mwaka 1934.

Magari ya wazi yanayouzwa kwa wingi leo ni ya baadaye zaidi: ya miaka ya 1950, 1960 na 1970. Wafanyabiashara huyaita yote kwa majina ya kifahari, kwa sababu jina zuri hupandisha bei. Sheria haijali majina hayo. Kinachotazamwa na serikali ni umri: gari likipita miaka 40 linaweza kusajiliwa kuwa gari la kihistoria, na hapo huanza nafuu mbalimbali zitakazoelezwa hapa chini.

Kumbukumbu ya Safari Rally

Kwa watu wa Afrika Mashariki, mapenzi ya magari ya zamani yana chimbuko lake. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliyopita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo yaliyokuja kujulikana kama Safari Rally.

Kwa miongo kadhaa watoto walijipanga kandokando ya barabara wakati wa Pasaka kuyatazama magari yaliyofunikwa matope. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda akiwa na Volvo ambayo tayari ilikuwa imetumika katika mashindano. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, ya kwanza mwaka 1973 akiendesha Datsun 240Z. Wote wawili walifia London, Mehta mwaka 2006 na Singh mwaka 2013.

Magari hayo yalikuwa na paa, na ilikuwa lazima yawe nalo. Gari la wazi, lililo chini karibu na ardhi, halikuwa na kazi kubwa katika barabara za vumbi na makorongo. Lilionekana mijini, likiendeshwa na daktari, mwanasheria au ofisa wa serikali ya kikoloni. Kwa hiyo, kwa mtu aliyekulia Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, gari la wazi lilikuwa kitu cha kutazamwa kutoka kando ya barabara, si cha kuguswa. Pengine hiyo ndiyo sababu hamu yake hukaa moyoni muda mrefu, na ndiyo sababu pia mnunuzi huwa rahisi kudanganywa. Anayenunua ndoto ya utotoni haangalii chini ya zulia.

Magari yanayopatikana

Gari linalopendekezwa zaidi kwa mnunuzi wa kwanza ni MGB. Lilianza kuuzwa mwaka 1962 na la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, mwezi Oktoba 1980. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, yakihesabiwa pamoja na yale yenye paa la bati. Wingi huo ndio faida yake kubwa. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 inaeleweka na karibu kila fundi wa magari ya Kiingereza ya zamani, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza hata bodi nzima mpya ya MGB, kwa kutumia mitambo ya asili.

Triumph Spitfire, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1962 na 1980, huwa ya bei nafuu zaidi. Ilichorwa na Mwitalia Giovanni Michelotti, na boneti yake hufunguka yote kuelekea mbele, kiasi kwamba fundi anaweza kukaa juu ya tairi akitengeneza injini. Dosari ya matoleo ya mwanzo ni muundo wa magurudumu ya nyuma, ambao unaweza kulifanya gari liteleze ghafla kwenye kona. Kasoro hiyo ilirekebishwa kuanzia toleo la nne, lililotoka mwaka 1970.

Triumph TR6, ya mwaka 1968 hadi 1976, ina silinda sita na mngurumo mzito unaowavutia wengi. Ina nguvu zaidi, lakini mfumo wa kupuliza petroli uliowekwa katika magari yaliyouzwa Uingereza unahitaji fundi anayeujua hasa.

Juu zaidi ipo Austin-Healey 3000, ya mwaka 1959 hadi 1967, ambayo kwa sehemu kubwa iliuzwa Amerika Kaskazini. Kileleni kabisa ni Jaguar E-Type, iliyozinduliwa Geneva mwaka 1961. Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York liliiingiza katika hazina yake mwaka 1996. Haya si magari ya kujifunzia. Kosa dogo katika E-Type linaweza kugharimu bei ya MGB nzima.

Bampa nyeusi, bei ndogo

Mnunuzi anayepitia matangazo atashangaa kuona MGB mbili zinazofanana zikitofautiana bei kwa maelfu ya pauni. Sababu mara nyingi ni bampa.

Hadi mwaka 1974 MGB ilikuwa na bampa za chuma king'aavu. Mwaka huo, ili kutimiza masharti ya usalama ya Marekani, soko lake kubwa kuliko yote, zikawekwa bampa nene nyeusi, na gari likainuliwa ili taa zifikie kimo kilichotakiwa. Likawa zito zaidi na likayumba zaidi kwenye kona. Wapenzi hawakuisamehe kampuni, na hadi leo magari yenye bampa nyeusi huuzwa kwa bei ya chini.

Kwa mtu mwenye akiba ndogo, kinyongo hicho cha wapenzi ni bahati. Gari la bampa nyeusi lenye bodi nzima ni bora kuliko la bampa za chuma lililooza. Katika miaka ya karibuni MGB ya bampa nyeusi inayotembea vizuri imekuwa ikipatikana kwa chini ya pauni 10,000, wakati E-Type ya wazi huhesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Adui ni kutu

Mkazi wa Mombasa au Tanga anajua chumvi ya bahari inavyokula mabati ya nyumba. Uingereza chumvi humwagwa barabarani kwa makusudi kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Gari lililopita katika chumvi hiyo kwa miaka 50 linaweza kung'aa juu na kuwa majivu chini.

Kwa gari la wazi hatari ni kubwa zaidi. Gari la kawaida hupata sehemu ya uimara wake kutoka kwenye paa. Lisilo na paa hutegemea sehemu ya chini. MGB haina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na uzito hubebwa na mihimili miwili inayopita chini ya milango. Kila mhimili umeundwa kwa mabati kadhaa yaliyopangwa ndani kwa ndani. La nje likibadilishwa na ya ndani yakaachwa yaoze, macho hayatagundua kitu.

Kuna jaribio rahisi. Mnunuzi afungue na kufunga milango yote miwili gari likiwa chini, na kutazama upana wa nafasi kati ya mlango na bodi. Kisha amwombe muuzaji ainue upande mmoja kwa jeki, katika sehemu iliyotengwa kwa kazi hiyo. Ikiwa nafasi inabana au mlango unakataa kufunguka, bodi inapinda katikati. Hapo mazungumzo ya bei yaishe. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Silaha ya pili ni sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Ikipitishwa chini ya milango, kuzunguka madigadi na pembezoni mwa taa, itashika kwenye bati na kuteleza palipozibwa kwa puti. Zulia nalo liinuliwe, na mkono uguse sakafu kutafuta unyevu.

Spitfire na TR6 zina chasisi ya pekee chini ya bodi. Bodi iliyochoka inaweza kurekebishwa, lakini chasisi iliyooza ni habari nyingine. Katika TR6 sehemu ya kukaguliwa kwanza ni pale mikono ya magurudumu ya nyuma inaposhikana na chasisi.

Sababu ya kusisitiza kutu kuliko injini ni ya kifedha. Injini ya MGB inaweza kutolewa na kufanyiwa ukarabati kwa gharama inayokadirika. Kazi ya bodi hulipwa kwa saa, na hakuna fundi anayeweza kusema itachukua saa ngapi kabla ya kukata bati la kwanza. Si ajabu mtu kutumia katika ukarabati fedha zinazopita thamani ya gari lenyewe baada ya kukamilika.

Sauti na moshi

Mnunuzi afike gari likiwa baridi. Akigusa boneti na kukuta joto, aulize kwa nini limewashwa kabla yake, kwani injini yenye shida ya kuwaka huficha ugonjwa wake ikishapata moto.

Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huashiria maji yanayoingia katika silinda. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa alama ya gasketi iliyopasuka, ingawa gari linalotembezwa safari fupi tu huweza kuwa nao pia. Katika MGB, mshale wa mgandamizo wa oili utazamwe gari likiwa katika mwendo na injini imepata moto. Unatarajiwa kuwa karibu na pauni 50 kwa inchi ya mraba.

Gia zijaribiwe zote, kupanda na kushuka. Breki zikanyagwe kwa nguvu mahali salama. Aliyezoea gari la kisasa atashtuka: usukani ni mzito na breki hudai mguu wenye nguvu. Huo ndio umbile la magari hayo. Lakini gari linalovuta upande mmoja likisimamishwa si umbile, ni ugonjwa.

Anayekusudia kujitengenezea mwenyewe akumbuke kwamba viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, madini yenye nyuzi zinazoharibu mapafu. Vumbi lake lisipulizwe kwa hewa wala kwa mdomo.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hati kuu ya gari Uingereza ni kitabu cha usajili kiitwacho V5C, kinachotolewa na mamlaka ya DVLA yenye makao yake Swansea. Namba ya chasisi iliyoandikwa humo ilinganishwe na ile iliyo kwenye gari, herufi kwa herufi.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba kitabu hicho si uthibitisho wa umiliki. Kinaonyesha anayewajibika kwa gari, si lazima mwenye mali. Ndiyo maana risiti za ununuzi ni muhimu, na ndiyo maana inafaa kulipia uchunguzi wa kumbukumbu ili kujua kama gari lina deni, limeibwa au liliwahi kufutwa na kampuni ya bima baada ya ajali.

Historia ya ukaguzi wa kila mwaka, ujulikanao kama MOT, inapatikana bure katika tovuti ya serikali kuanzia mwaka 2005. Mkaguzi aliyeandika miaka kumi iliyopita kwamba kutu imeanza karibu na springi ya nyuma ni shahidi asiye na maslahi katika biashara ya leo.

Kwa magari ya MG, Triumph na Austin-Healey, makumbusho ya magari ya Gaydon hutoa cheti kinachotokana na daftari za kiwandani, kikieleza siku gari lilipotengenezwa, rangi yake ya asili na nchi lilikopelekwa. Cheti hicho hufichua, kwa mfano, gari lililouzwa Marekani likiwa na usukani wa kushoto na baadaye likarudishwa na kugeuzwa. Hilo si kosa, na magari ya majimbo makavu ya Marekani huwa na kutu kidogo, lakini mnunuzi ana haki ya kujua.

Historia ina bei. Septemba 2023, katika mnada wa Sotheby's hapa London, gari aina ya Rolls-Royce Silver Shadow la mwaka 1974 liliuzwa kwa zaidi ya pauni 280,000. Lilikuwa la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen aliyezaliwa Zanzibar. Gari kama hilo lisilo na jina la mtu mashuhuri lisingekaribia bei hiyo. Somo kwa mnunuzi wa kawaida ni kwamba simulizi huongeza thamani pale tu inapothibitishwa kwa karatasi.

Dalali, mnada au mtu binafsi

Anayenunua kwa mfanyabiashara hulipa zaidi, lakini hulindwa na sheria ya haki za wateja ya mwaka 2015, inayompa siku 30 za kulirudisha gari likionekana kuwa na kasoro iliyokuwapo tangu mwanzo. Anayenunua kwa mtu binafsi ana kinga ndogo: gari liwe kama lilivyoelezwa, na muuzaji awe na haki ya kuliuza. Mengine ni juu yake.

Katika mnada, bei inayotajwa nyundo inapogongwa si ya mwisho. Huongezwa ada ya mnunuzi na kodi juu ya ada hiyo. Asiyehesabu nyongeza hiyo mapema hurudi nyumbani amevuka bajeti yake.

Sheria moja haina ubaguzi: amana isitumwe kwa gari ambalo halijaonekana kwa macho, hata picha ziwe nzuri namna gani na muuzaji awe mpole namna gani kwenye simu.

Mwenye shaka ajiunge na chama kabla ya kununua, si baada. MG Car Club ilianzishwa mwaka 1930, na TR Register ya wenye magari ya Triumph mwaka 1970. Wanachama wake hupenda kuulizwa, na kuuliza si ujinga.

Sheria za London

London ina masharti yake. Ukanda wa hewa safi, ULEZ, ulianza katikati ya jiji Aprili 2019, ukapanuliwa Oktoba 2021, na tangu Agosti 29, 2023 unahusu mitaa yote ya London. Gari lisilokidhi viwango hulipa pauni 12.50 kwa siku.

Gari la zaidi ya miaka 40 lililosajiliwa kama la kihistoria na lisilofanya biashara limesamehewa malipo hayo. Lakini halikusamehewa malipo ya msongamano wa katikati ya jiji, yaliyoanzishwa Februari 2003. Wengi huchanganya mambo haya mawili na kupata faini.

Msamaha hauji wenyewe. Mwenye gari lazima aombe libadilishwe daraja la kodi. Baada ya hapo hatalipa kodi ya barabara, ingawa atatakiwa kuijaza fomu yake kila mwaka.

Tangu Mei 2018 magari ya zaidi ya miaka 40, yasiyofanyiwa mabadiliko makubwa, hayalazimiki kufanyiwa ukaguzi wa MOT. Nafuu hii ina makali mawili. Gari linalouzwa leo linaweza kuwa halijakaguliwa na mtu yeyote kwa miaka kadhaa, na sheria bado inamwajibisha dereva: gari la hatari linaweza kumletea faini ya hadi pauni 2,500. Busara ni kumtaka muuzaji akubali ukaguzi wa hiari, ambao ada yake haizidi pauni 54.85. Akikataa, amejibu.

Wapo wanaochagua Mazda MX-5, gari la Kijapani lililozinduliwa mwaka 1989 kwa kufuata nyayo za magari ya Kiingereza, na ambalo limevuka idadi ya 1,000,000. Ni imara na vipuri vyake si adimu. Hata hivyo, matoleo ya kwanza kabisa hayatatimiza umri wa msamaha hadi mwaka 2030, kwa hiyo mkazi wa London aingize namba ya gari katika tovuti ya mamlaka ya usafiri ya jiji kabla ya kulipa hata senti.

Petroli na watoto

Petroli yenye risasi iliondolewa Uingereza mwanzoni mwa mwaka 2000, na Afrika Mashariki miaka michache baadaye. Injini za zamani ziliitegemea kulinda viti vya valvu. Muuzaji aulizwe kama kichwa cha injini kimewekewa viti vigumu; la sivyo itabidi kutumia dawa maalumu katika tangi.

Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hula mipira ya zamani. Mpira uliooza karibu na injini ya moto ni mwanzo wa kuungua kwa gari. Magari haya yatiwe petroli ya daraja la juu, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, na mipira ibadilishwe.

Aidha, baadhi ya magari ya zamani hayana mikanda ya usalama. Mtoto wa chini ya miaka mitatu haruhusiwi kupanda gari lisilo na mikanda, na aliyezidi umri huo anaruhusiwa kiti cha nyuma tu. Gari la viti viwili halina kiti cha nyuma, kwa hiyo ahadi kwa mjukuu ifikiriwe kabla ya kutolewa.

Hesabu ya akiba

Mtu aliyetenga pauni 10,000 asitafute gari la pauni 10,000. Mgao wa busara ni 7,000 za kununulia, 2,000 za matengenezo ya mwaka wa kwanza, na 1,000 za bima, turubai na maegesho. Akimaliza mwaka bila kuzigusa zile 2,000, ashukuru.

Bima ya magari haya huweza kuwa nafuu kuliko ya gari la kila siku, lakini kampuni nyingi huweka kikomo cha maili na huuliza gari linalala wapi. Ni muhimu kukubaliana nazo thamani ya gari kwa maandishi. Bila hivyo, likiibwa, mwenyewe anaweza kulipwa thamani ya chuma chakavu.

Suala la mahali pa kulaza gari si dogo. Nyumba nyingi za London hazina gereji, na paa la turubai halizuii kisu. Kukodi gereji mtaani ni gharama ya kila mwezi inayoendelea hata wakati wa baridi, gari likiwa halitembei.

Je, laweza kupelekwa nyumbani?

Wengi huwaza kulisafirisha gari siku moja watakaporejea. Mazingira yangelifaa: hewa kavu ya nyanda za juu huhifadhi bati, na mafundi wa Kirinyaga Road mjini Nairobi, Gerezani mjini Dar es Salaam na Katwe mjini Kampala wana ujuzi wa kuchonga kwa mkono kipuri ambacho Ulaya kingeagizwa kwa posta.

Kikwazo ni sheria. Kenya imeweka kikomo cha miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Uganda, mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari ya zaidi ya miaka 15. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Anayekusudia kurejea na gari lake apate jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka ya mapato na ya viwango ya nchi yake kabla ya kununua, si baada ya kontena kufika bandarini.

Utamaduni wenyewe haujafa. Nairobi imekuwa na maonyesho ya magari yaliyotunzwa vizuri tangu mwaka 1970, na mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani katika njia zile zile za vumbi.

Kabla ya kutia sahihi

Gari la wazi la kale si kitegauchumi. Bei za baadhi ya magari zimepanda na kushuka, na anayenunua ili kuuza kwa faida hushindana na watu waliofanya kazi hiyo maisha yao yote. Wala si usafiri wa kutegemewa wa kwenda kazini asubuhi ya Januari.

Linamfaa mtu ambaye ameshatimiza wajibu wake kwa wanaomtegemea, ambaye ana mahali pa kulilaza, na ambaye anaweza kuipoteza nusu ya fedha hizo bila mtu mwingine kulala njaa. Asiyetimiza masharti hayo hana haja ya kukata tamaa. Magari haya yamedumu miaka 50 au zaidi. Yatasubiri mitatu mingine. Katika muda huo anaweza kuhudhuria mikutano ya vyama, kukodi gari la aina hiyo kwa siku moja ya kiangazi, na kujua kama anachokipenda ni gari lenyewe au picha yake.

Na yule aliye tayari, amchukue rafiki asiyependa magari. Mwenye mapenzi ataona rangi na kusikia mngurumo. Rafiki ataona kidimbwi cha oili chini ya injini, na ndiye atakayeuliza kwa nini mlango wa kushoto haufungi.